Saba Hawaulizwi

Walburga Dorsch alisimama nyuma ya ghala lake, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Mvua ilimwingia viatuni, lakini kugeuka kulikuwa haramu: kule shambani Saba walikuwa kazini.

Saba ni wanaume saba wa kijiji. Vijiji vya Frankonia, kule Ujerumani, huwaapisha, nao hulinda mipaka ya mashamba hadi kaburini. Chini ya kila jiwe la mpaka huzika alama za udongo wa kuchoma, na jinsi zinavyopangwa hawawaambii hata wake zao. Padri mwenyewe hajui, na yeye ndiye anayeungamisha kijiji kizima. Wanachosema Saba, ofisi ya wilaya hukichora kwenye ramani.

Jiwe la Walburga liling'olewa na trekta la jirani yake Endres Popp, mwenye machimbo ya mawe. Bahati mbaya, alisema Popp. Ilibaki Saba wafukue alama na kutamka chemchemi ya pale mpakani iko upande wa nani. Bila chemchemi, ng'ombe wake wawili wangekwenda kwa mchinjaji.

Popp naye alikuwa mmoja wa Saba.

"Geuka sasa, shemeji," aliita mzee Veit, mkuu wao. Alikuwa amevua kofia. "Alama tumeziona. Chemchemi ni ya Endres."

"Babu yangu alikunywa pale, Veit. Hata wewe umekunywa."

"Kunywa si kumiliki, mama," Popp alicheka. "Mimi nimekunywa katika kila baa ya bonde hili, na sina hata kiti."

"Basi nionyesheni alama."

Ungedhani ameomba kuona suruali zao za ndani.

"Saba hawaulizwi," Veit alisema, akiangalia buti zake. "Unajua, shemeji. Marehemu mumeo alikuwa mwenzetu."

Alijua. Alijua pia kwamba mwenye kuwaita Saba huwalisha. Wakaingia jikoni kwake, wakasali kwa sauti nzito, wakajaza sahani nyama ya nguruwe na madonge ya viazi.

Walburga alitoka kuvuta pumzi. Koleo zao zilikuwa zimeegemezwa mlangoni. Udongo wa shamba lile hung'ang'ania kila kitu: buti, magurudumu, kwato. Koleo zilikuwa safi. Ya Popp ilikuwa mpya, na kibandiko cha dukani kilikuwa bado kwenye ncha yake, hakijakwaruzika.

"Mama Burga!" Popp aliita kutoka ndani. "Haradali umeificha wapi?"