Shokapu ya Kushoto

Mimi nikikasirika sauti hutangulia, akili hufuata nyuma kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Nalisema mapema ili mtu asinihurumie.

Mwezi wa tatu mama mkwe wangu aliteleza na ndoo ya maji, akaumia mgongo. Akaagizwa mazoezi hospitalini, Babati mjini, kila Jumanne na Ijumaa. Anaishi Nangara na shemeji yangu Hellen. Mimi na mke wangu Leonia tuko Nakwa. Nikasema nitambeba mimi. Asubuhi hizo mbili nilifunga duka langu la dawa za mifugo, na nilihakikisha majirani wote wanajua kwa nini limefungwa.

Kwetu mkwe ni mkwe. Simsogelei, simtazami usoni, jina lake silitamki, naye hasemi nami moja kwa moja. Kwa hiyo alikaa kiti cha nyuma kushoto, mbali nami kadiri gari linavyoruhusu, Leonia pembeni yake, na kioo cha ndani nilikigeuzia juu nisije nikamwona. Nilijiona mkwe wa mfano.

Gari lenyewe ni mkweche wa miaka ishirini na tano. Mwezi wa nne likaanza kugonga nyuma. Fundi Wilbroad akalipiga jeki, akatoka chini yake akipangusa mikono.

"Mzee Gidamis, shokapu za nyuma zimekwisha, hazimezi tena mashimo. Ya kulia imemwaga mafuta yote, ya kushoto nayo iko njiani. Dukani nimepata moja tu. Ya pili inakuja kesho na basi la Arusha."

"Funga hiyo moja."

"Shokapu hubadilishwa zote mbili, mzee. Kesho si mbali."

Lakini jioni ile kulikuwa na kikao cha harusi ya mpwa wangu, na kwenye kikao kilichopita walinicheka, wakisema Gidamis akiwa bado stendi wao wameshalisikia gari lake. "Ya kushoto haijalalamika," nikamwambia. "Funga ya kulia, huku ninakokaa mimi." Akafunga. Kelele ikapungua, nikaingia kikaoni kama bwana mkubwa. Kesho yake sikurudi gereji. Wala keshokutwa yake.

Leonia aliniambia mara mbili. "Baba Silas, huku nyuma panagonga." Nikamjibu kwamba ni mashimo ya barabara, na barabara si yangu. Mara ya tatu hakusema. Nikaongeza sauti ya redio.

Mwezi wa sita, dada anayesimamia mazoezi, Jacqueline, alimwita Leonia pembeni. Mgongo hauponi, alisema. Kila mama akirudi unakuwa umekaza kuliko alivyoondoka nao. Asipopata nafuu mwezi huo itabidi aende Moshi akapimwe upya, na huenda akapasuliwa. Tulipomshusha mama yake Nangara, Leonia alilia njia nzima hadi Nakwa. Mimi nikalaumu mazoezi.

Ijumaa iliyofuata tulimkuta Hellen peke yake mlangoni.

"Shikamoo, shemeji. Mama ameshatangulia."

"Marahaba. Ametangulia na nini?"

"Kwa miguu."

Tulimpata kando ya lami, fimbo mkononi, anakwenda hatua chache anapumzika, na wauza nyanya wameacha biashara wanamtazama. Niliyasikia maneno ya mji kabla hayajasemwa: Gidamis amemshusha mkwe wake garini. Nikasimamisha gari, nikashuka, nikamfokea mke wangu kwa sauti ya kumfikia mama yake.

"Mama Silas! Mwambie mama yako, kama gari yangu inamtia kinyaa aseme! Mimi siyo dereva wa kukodi!"

Mwanamume wa kwetu hapazi sauti mbele ya mama mkwe. Hata walevi hulikumbuka hilo. Mama mkwe alisimama kidogo, akavuta shuka begani, akaingia garini mwenyewe, kiti kilekile, akafunga mlango taratibu.

Nilipowashusha hospitali nikaenda kumwaga hasira zilizobaki kwa Wilbroad. Nikamwambia kelele imerudi, kazi gani hiyo. Hakubishana. "Nipe usukani, mzee. Wewe kaa nyuma kushoto, usikilize."

Sikuwahi kukaa kiti kile. Tuta la kwanza, kishindo kilipanda kutoka kitini hadi kwenye meno. Tukaingia kwenye shimo, nikarushwa na kuangukia kiuno, mimi mzima wa afya. "Polepole!" nikapiga kelele. Wilbroad akasema hajawahi kuendesha polepole hivi. Shimo la pili nikamwomba asimame.

Akageuka. "Hapa huwa anakaa nani, mzee?"

"Mizigo tu," nikasema.

Nilimdanganya fundi, mchana kweupe, nikamwita mkwe wangu mzigo, kwa sababu kweli ilinishinda kutamka. Masikio yaliniwaka moto. Wilbroad akaenda stoo akatoka na boksi lenye jina langu, lilikuwa limekaa pale tangu mwezi wa nne. Shokapu ya zamani alipoitoa aliisukuma kwa kidole kimoja, ikazama, haikurudi. Akanikabidhi. Afadhali angenitukana.

Saa sita nilimkuta Leonia getini, mama yake bado yuko ndani. Nikamweleza. Hakushangaa.

"Mlijua?"

"Tangu mwezi wa nne. Mama alinikataza kukuambia tena. Alisema mtu anayefunga duka lake kumbeba mkwe haambiwi kwamba gari lake linaumiza. Leo alishindwa kukaa, ndiyo maana akatembea."

Ningepata shimo ningeingia. Mama mkwe alipotoka niliinamisha kichwa, nikasema kwa sauti ya kumfikia, "Mama Silas, mwambie mama nimemkosea. Gari, na yale maneno ya barabarani."

"Leonia," akasema, "mwambie baba watoto wako nimesikia."

Tukaondoka, redio nimeizima. Tulipokaribia tuta la kwanza niliona kwa pembeni vidole vyake vikikamata mgongo wa kiti cha mbele, nikamsikia akivuta pumzi na kuizuia. Gari likapita laini.

"Mama, limetengenezwa," Leonia akamwambia.

"Naona, mwanangu."

Vidole vikaachia. Kwenye tuta la pili vikakamata tena, na pumzi akaizuia vilevile. Leonia akamshika mkono, haikusaidia. Mpaka tunafika Nangara hapakuwa na tuta hata moja ambalo hakujiandaa kuumia.