Beringi ya Mashine ya Pili

Depo ya vipuri ya kiwanda cha sabuni, pale Majengo, ilikuwa na sheria moja: kibovu kiingie ndipo kizima kitoke. Mama Séraphine, mshika funguo, hakumsamehe mutu. Lakini tangu barabara zifungwe rafu zilikuwa tupu, na mafundi waliponya mashine ya kwanza kwa kung'oa vipuri vya mashine ya pili.

Asubuhi hiyo fundi Josias alileta beringi iliyosagika.

"Muzee, si ung'oe ile ya mashine ya pili!" Séraphine akafoka. "Mpaka niseme kila siku?"

"Mama, hii ndiyo ile. Tuliing'oa mwezi wa tatu."

Séraphine akaipokea, akaiweka peke yake rafuni.

Alipogeuka, Josias alikuwa bado amekinga kiganja, kwa mazoea.