Mwanzoni Mnaogopa

…njiti kwanza, anasema, koki baadaye, usianze na koki mama Nuru, gesi itajaa humu ndani, na mimi nasema ndiyo baba Nuru, nimesikia, njiti kwanza, lakini kiberiti kimo mkononi na njiti sijaitoa, naangalia huu mtungi mdogo na kichomeo chake kichwani, umesimama pale pale lilipokuwa jiko langu, maana jiko langu amelibomoa asubuhi hii nilipokuwa kisimani, nimerudi na ndoo kichwani nakuta rundo la udongo mweusi mlangoni, udongo wa kichuguu niliouponda na kuufinyanga mwenyewe nikiwa na mimba ya Nuru, amelibomoa kwa jembe, hata hakuniuliza, akanipokea ndoo huku anacheka, moshi basi, akasema, macho yako sasa yatapona, na kweli macho yangu yanauma, kuni za mkorosho zina moshi mkali, zahanati walishanikataza, na nikamshukuru, nilimshukuru kwa moyo mmoja, sikujilazimisha, kwa sababu mpaka jana nilikuwa na hofu nyingine kabisa na hili jiko lilipokuja likaifuta… Hofu yenyewe ameileta Idrisa, rafiki yake wa bodaboda, mdomo wake hauna breki, amesimama dukani mbele za watu anasema Faraji, yaani baba Nuru, kapata jiko jipya huko Mtwara mjini, wanawake wakaniangalia, mmoja akajifanya anachagua nyanya, na mimi ni mtu mzima, kupata jiko najua maana yake, jiko ni mke, nikarudi nyumbani, nikalala sijalala, nikisema kumbe ndiyo maana siku hizi anarudi Ijumaa tu, ghala la korosho gani lisilo na mapumziko, halafu jana anaingia na pikipiki, nyuma kafunga mtungi kwa mpira, anapiga kelele mama Nuru njoo uone jiko lako, nikacheka mpaka machozi, nikamwambia jirani yangu Zuhura, naye akacheka akakaa chini, wajinga sisi, jiko ni jiko, si mke… "Mama Nuru, limewaka?" Ni Zuhura huyo, yuko nje ya ukuta, anasubiri aone maajabu, nasema bado, na Faraji anasema mwambie asubiri, usiwe na haraka, "usiogope, mwanzoni mnaogopa, baada ya siku mbili mnazoea."

Mnaogopa. Mnazoea… anayeambiwa humu jikoni ni mimi peke yangu. Acha, Mwanahamisi, acha, watu husema hivyo, ninyi wanawake, mnaogopa, mnapenda, mnasahau, hata mwalimu wa Nuru husema hivyo, tena kwa Kimakonde mtu mmoja wa heshima huambiwa ninyi, Faraji mwenyewe akimsalimia mama yake hamwiti wewe, labda ni heshima, labda leo kwa ajili ya jiko nimepanda cheo, lakini mimi tangu ndoa yetu ni wewe, wewe njoo, wewe chumvi iko wapi, na ndiyo hiyo chumvi, mtu huyu hajui chumvi ya nyumba hii inakaa wapi mpaka leo, akija jikoni husimama mlangoni kama mgeni, na sasa tazama mikono yake, amekoroga sabuni kwenye kikombe, anapaka povu pale kichomeo kinapoungana na mtungi, anainamisha shingo aone kama linatoa mapovu, anafuta kwa kidole, hana wasiwasi hata kidogo, nani amemfundisha, mwenye duka la gesi, haya, mwenye duka kamfundisha, wauzaji huwafundisha watu, ni kazi yao… anasema kitu, sijakisikia chote, anasema habari ya ugali, "ukisonga ugali sufuria linacheza, mtungi mwembamba huu, weka mguu hapa chini uubane, sufuria ulishike na kitambaa, moto uwe umeshaupunguza," na anaweka mguu wake, ananionyesha, mguu wa kulia, kidole gumba kimebana mtungi, mkono wa kushoto umeshika sufuria ambalo halipo… na huyo mwenye duka, naye husonga ugali dukani? Faraji hajasonga ugali maisha yake. Ameuona mguu huo. Amekaa kwenye kigoda karibu na mtu, chumba kidogo, magoti yanakaribia kugusana, akamtazama anasonga na mguu wake kwenye mtungi, akatazama mara nyingi mpaka akajua ni mguu upi, na mtu huyo mwanzoni aliogopa, na baada ya siku mbili akazoea.

Anasema mbona kimya, nasema nakusikiliza, na ni kweli namsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza, lakini kwa nini mimi basi, kama yuko mwingine kwa nini aniletee mimi jiko, mtu mwenye siri haji nyumbani na zawadi ya wazi hivi, mimi sikuomba jiko, sikuwahi kulitaja, anayeomba jiko la gesi ni mtu wa mjini, amepanga chumba, mwenye nyumba hataki kuni wala moshi ukutani kwake, huyo ndiye aliyeomba, akanunuliwa, na… Kitaya, kijijini kwao. Baba yake wa Kitaya. Marehemu mkwe wangu alikuwa na wake wawili, Faraji alinisimulia tukiwa wachanga kwenye ndoa, alisimulia kwa kujivuna, baba hakuwahi kumwonea mmoja, akinunua kanga hununua mbili za maneno yale yale, samaki mmoja humkata katikati kabisa ya mgongo, nao wake waliishi bila kelele, alisema, haki ndiyo heshima ya mwanamume, nami nikaona nimeolewa na mtoto wa watu wema. Mtoto wa baba yake. Kwa hiyo hili si langu, hili ni pacha, limekuja kwa sababu la kwanza limeshakwenda, macho yangu hayamo katika hesabu, moshi haumo, nimepimiwa fungu, na mimi asubuhi nilishukuru, nikasema Mungu akuzidishie, nikasema mbele ya Zuhura, na jiko langu likiwa rundo mlangoni… nina hasira, siyo wivu, wivu utakuja usiku, sasa hivi ni hasira, dini imempa ruhusa sibishani na dini, lakini kuna mkeka humu ndani, kuna kahawa, angekaa akanitazama akasema mama Nuru nina jambo, ningelia, ningerudi kwetu Mikindani, ningerudi tena, lakini ningekuwa nimeambiwa, mtu anaambiwa, halipwi kwanza.

"Limewaka?" anauliza tena Zuhura, bado, nasema, na Faraji amechutama, magoti yake yana povu, ananitazama kwa upole uleule, na kitu kibaya ni kwamba upole wenyewe si wa uongo, anataka niwashe, anataka sana niwashe, likiwaka atapumua, yatakuwa majiko mawili yanayowaka na yeye hana deni kwa mtu, na ninaona naweza kuwasha, njiti, koki, ni jambo dogo, tutapika, tutakula, atarudi mjini na sitajua kitu kwa mdomo wa mtu yeyote, nitakuwa najua tu, miaka yote, na mguu wangu kwenye mtungi, na yeye anasema haya basi mama Nuru, washa, njiti kwanza, na mimi naisikia sauti yangu ikitoka, haitetemeki, naishangaa, inasema, "anaitwa nani," na Faraji anaangalia kichomeo, anaangalia mikono yake, na Faraji haniulizi ninamsema nani.