Chumvi Isiyoonjwa

Kijana ambaye hakuna aliyemtarajia alishuka kwenye baiskeli mbele ya duka la Mwanaisha, pale Ngana, kijiji cha Kyela. Akasema anaitwa Gwamaka, bwana afya kutoka mjini. Aliomba kijiko cha chumvi mpya yenye madini joto, ile iliyoanza kuletwa baada ya serikali kuruhusu biashara huria, akaidondoshea dawa mbele ya wateja. Chumvi ikageuka bluu.

“Safi kabisa! Hii itawakinga na rovu, ule uvimbe wa shingo,” akasema kwa furaha. Akaimwaga ile ya kijiko uani, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na habari moja: chumvi ya Mwanaisha inakausha vizazi. Kesho yake hakuuza kitu, hata kiberiti. Duka lile aliachiwa na baba yake, na hali ikiendelea hivyo lingefungwa. Akajifunga kanga, akaenda kwa Bibi Tusekile, ambaye wanawake wote walimsikiliza.

“Bibi, hata wewe unaamini mambo haya?”

“Nina macho, mwanangu. Hapa kwetu ukinikaribisha pombe unaonja wewe kwanza, nikuone unameza. Yule bwana alionja?”

“Hakuonja.”

“Aliimwaga! Hata kuku wako waliikimbia.”

“Kuku wangu hukimbia hata mahindi, Bibi.”

Tusekile alicheka, kisha akaacha. “Walipotuhamishia vijiji vipya walisema ni kwa faida yetu. Niliacha migomba yangu imebeba, na hakuna aliyekaa chini akanieleza sababu. Leo mwingine analeta tone la bluu, eti kwa faida yangu. Nina wake za wanangu wanaotaka kuzaa. Ungekuwa mimi, ungewapikia?”

Mwanaisha alikuwa amekuja kubishana na ujinga. Mbele yake aliketi mama aliyekuwa akiilinda nyumba yake kwa yale tu aliyowahi kuonyeshwa, na moyo wake ukamwinamia.

“Nitaionja mimi, sasa hivi.”

“Wewe unauza tu. Aliyeisifu ndiye aonje.”

“Basi siuzi hata punje mpaka arudi, aile mbele yenu, ajibu maswali yote.”

“Ndaga, mwanangu,” Tusekile akashukuru.

Mwanaisha akatuma ujumbe mjini. Jibu halikuja; ilikuja mvua ya Kyela, isiyojua kupumzika. Magunia ya chumvi yakaanza kutoa maji.

Siku moja Ridhwani, mfanyabiashara wa mjini, akasimamisha gari mlangoni. “Dada, watu wa kule Busale hawajasikia uvumi huu. Nipe magunia yote, nakulipa papa hapa.”

Njiani kote hapakuwa na mtu wa kuwaona.

“Siuzi, kaka. Nimeahidi.”

“Itayeyuka yote!”

“Naona.”

Gari lilipoondoka, Mwanaisha akachukua sufuria, akaisukuma chini ya gunia lililokuwa likidondosha.