Njia ya Jiweni

Seng'enge ilikuwa mpya, bado inang'aa. Tabitha ndiye aliyeiona kwanza, kwa sababu alikuwa mbele, kamera kifuani na stendi begani, akiwaongoza Fredy na Aika kwa njia nyembamba inayofuata mfongo, ule mfereji wa maji ya mlimani unaopita kihamba hadi kihamba, yaani mashamba ya ukoo, huko Old Moshi. Wachumba hao walikuwa wamebakiza wiki chache wafunge ndoa, na walitaka picha za kadi. Sasa njia ilikuwa imekatizwa na geti, geti lina kufuli, na jiwe walilolifuata lilikuwa upande wa pili.

Wenyeji hawakuliita kwa jina kubwa. Walipaita Jiweni tu. Ni bapa la mwamba lililochomoza ukingoni mwa mteremko. Ukisimama juu yake, mlima ukaupa kisogo, Moshi yote iko chini yako: mabati ya mitaani, minara ya misikiti, misalaba ya makanisa, maghorofa ya katikati ya mji, na nyuma ya hayo kijani cha miwa mpaka macho yachoke. Jioni, jua likielekea upande wa Meru, mabati yale huwaka yote kwa mpigo. Wageni huja Moshi kuupiga picha mlima. Watu wa Moshi wenyewe, wakioa au wakimaliza chuo, hupenda kupigwa na mji wao mgongoni, na kwa picha ya namna hiyo hakuna mahali panapopashinda Jiweni.

"Hapa hapapiti mtu," alisema mlinzi aliyekuwa ndani ya geti, mwanamume mpole aitwaye Shedrack. "Bosi amesema kupiga picha ni kwa wageni wa loji tu."

"Loji ipi?"

Shedrack akaonyesha kwa kidevu. Juu kidogo, katikati ya migomba iliyokatwa, zilikuwa zimesimama kuta za matofali na baraza pana lililotazama mjini. Kwenye baraza hilo alikuwapo mtu mwenye miwani ya jua, naye alikwisha kuanza kushuka.

Huyo alikuwa Wilson. Kihamba kile kilikuwa cha marehemu baba yake, mzee Thadeus. Wilson alikuwa ameondoka kijana kwenda Dar es Salaam, akafanikiwa, na sasa amerudi na mipango.

"Samahani sana, dada," alisema, na kweli alikuwa na sauti ya kuomba samahani. "Hili sasa ni eneo la biashara."

"Jiwe sawa. Lakini hii ni njia ya watu. Mimi nimepita hapa miaka."

"Wewe ni wa wapi, kwani?"

"Wa hapa Moshi."

"Moshi ipi?"

Tabitha akanyoosha mkono kupitia seng'enge, chini kabisa, kule kwenye miwa. Alizaliwa kule, kwenye kota za wafanyakazi.

Wilson akacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea. "Aa, kule. Kule si ni watu wa kuja?"

Aika akamvuta Tabitha mkono. "Twende tu, dada. Tutapiga kwenye bustani ya hoteli."

"Hatuendi popote," alisema Tabitha. "Fredy, Aika, simameni hapo hapo mlipo. Egemeeni geti." Akasogea ubavuni mwao, karibu na waya, akainua kamera. Seng'enge ilikata picha katikati, na mji ukaonekana vipande vipande kati ya waya. Mkono wa Wilson ukapenya na kuziba lenzi.

"Ondoa mkono, kaka."

Haikuwa sauti ya kelele. Wilson akaondoa mkono, akamtazama upya, na Tabitha akaona jinsi anavyomkadiria. Alipozungumza tena, alikuwa mtu mwingine. "Unajua nini? Loji itahitaji mpiga picha. Chukua kazi hiyo. Harusi zote zitakazofanyika hapa ziwe zako, Jiweni pawe pako peke yako. Nitakachokuomba ni kimoja tu, hao wenzako wa mjini wasikanyage tena huku. Nipe jibu wiki ijayo, namba yangu hii hapa."

Walishuka. Tabitha asingeweza kusema kwamba hakulitaka lile jambo. Wapiga picha walikuwa wengi mjini, kila mwenye simu nzuri alijiita fundi, na msimu mzima alikuwa akigombania wateja. Usiku alijiona yuko peke yake juu ya jiwe, hakuna wa kumsukuma, hakuna wa kumharakisha. Lakini kila alipofika hapo alisikia tena kicheko kile, na neno lile, watu wa kuja, na akamkumbuka baba yake.

Baba huyo, Gidioni, alitoka Kasulu, magharibi kabisa ya nchi, akiwa kijana, akaja kukata miwa. Aliikata mpaka magoti yakakataa. Alipostaafu, Tabitha alimpandisha bodaboda hadi barabara ilipoishia, kisha akamshika mkono taratibu kwa njia ya mfongo. Mzee yule alikuwa ameishi chini ya mlima huo karibu maisha yake yote na hakuwahi kuuona mji kwa juu. Alisimama Jiweni muda mrefu, akiitafuta kota yake kwa ncha ya fimbo.

"Kumbe ni padogo hivi," alisema mwishowe. "Pale ndipo nilipoyaacha magoti yangu yote?" Halafu akacheka hadi akakohoa, akataka apigwe picha akiwa ameielekezea miwa ile fimbo, kama mtu anayemkaripia mbwa. Picha hiyo ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza lake.

Kwa hiyo asubuhi Tabitha alimpigia Wilson simu, hakusubiri wiki iishe. "Kazi yako siitaki," alimwambia. "Na Jiweni nitakuja." Akakata kabla hajajibiwa.

Kusema ni jambo moja, kufika ni jingine. Alikwenda kwa mama Anyesi, mjane aliyekuwa na ng'ombe wawili chini kidogo ya Jiweni, na ambaye hakuwahi kumwacha apite bila kumpa maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona ile seng'enge? Mimi sasa nikitoka kukata majani ya ng'ombe nazunguka kule kwenye korongo, na mzigo kichwani. Juzi nimeanguka." Akapandisha kanga kidogo kuonyesha goti lililochubuka.

"Na mnanyamaza?"

"Nani ananyamaza? Jumamosi tunasafisha mfongo. Mfongo unapita mle mle ndani. Mtu anayeuchimba ana haki ya kuufuata, hiyo ipo tangu mama mkwe wangu hajazaliwa. Tutaona atamzuia nani."

Tabitha akasita. "Mimi si wa mfongo huu, mama."

Anyesi akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Jembe unajua kushika?"

Jumamosi hiyo Tabitha alichimba. Hakuchimba kwa ajili ya kuonekana. Aliingia mfereji wenyewe, maji ya baridi hadi magotini, akazoa tope na majani yaliyooza pamoja na wanaume na wanawake ambao wengi wao aliwajua kwa sura tu. Kamera alikuwa ameifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Walipanda pole pole, wakizibua, wakirekebisha kingo, mpaka wakafika getini.

"Fungua, baba," Anyesi alimwambia Shedrack. "Tunasafisha."

"Mama, bosi hayupo."

"Basi hatakuona ukifungua."

Watu wakacheka. Shedrack akawatazama wote wale na majembe yao, akatazama barabarani, akatoa funguo.

Walichimba hadi usawa wa jiwe. Hapo Tabitha akatoka mferejini, akapanda juu ya mwamba na tope lake, akafungua kitenge. Mawingu yalikuwa yameachana, na mji ulikuwa umeoshwa na mvua ya jana.

"Mama, panda."

"Mimi? Na matope haya?"

"Na hayo hayo."

Anyesi alikuwa akipita mahali pale tangu alipoolewa, kila siku na majani kichwani, shingo imekaza, macho chini kwenye njia. Hakuwahi kusimama. Sasa alipanda, akaweka jembe begani, akageuka kuutazama mji kabla ya kuitazama kamera. "Yeuwi," alisema taratibu. "Yaani muda wote huu watu wanafuata hiki, nami nakipita?" Tabitha akabonyeza. Baada yake akapanda jirani, na mwingine, na mtu na mkewe, hadi kukawa na foleni iliyoishia mferejini.

Ndipo gari la Wilson likafika.

"Shukeni!" alipiga kelele kabla hajafunga mlango. "Shukeni wote! Naita polisi!"

Tabitha hakushuka. "Ita," alisema. "Wakija nitawapiga picha na wao. Mwanga ni mzuri."

"Nilikupa kazi wewe!"

"Ulinipa kazi ya kuwafukuza watu kwenye njia yao."

Wilson akamgeukia Anyesi, akaanza kumwambia maneno kwa Kichagga, haraka haraka, kidole hewani. Anyesi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika hadi mtu wa mwisho kwenye foleni. "Sema Kiswahili, mtoto wa Thadeus. Huyu naye amechimba, asikie. Wewe maji ya bustani yako yanapita humu, na jembe lako sijaliona."

Polisi hawakuja. Alikuja mwenyekiti wa kijiji, na baada yake vikao, viwili vikali na kimoja cha kuvutana tu. Geti la njia likang'olewa. Hilo Wilson hakuweza kulitetea. Jiwe lenyewe alisema liko ndani ya mpaka wake, na shauri hilo likapelekwa baraza la ardhi la kata, ambako liko hadi leo. Wilson alipanda saiprasi mbele ya jiwe, miche mikubwa iliyokwisha kufika kifuani mwa mtu, ili siku moja izibe mji. Mjini nako alisema maneno, na ukumbi mmoja uliokuwa ukimpa Tabitha kazi ukaacha kumpigia simu. Hilo lilimuuma, wala hakujifanya halikumuuma. Aliwapigia wapiga picha wenzake wote, hata wale wasiopatana, akawaambia njia iko wazi.

Siku ya harusi yao Fredy na Aika walitoka kanisani wakapanda moja kwa moja Jiweni. Wasimamizi walibeba shela kwa ncha zote ili lisiguse tope. Barazani kwa Wilson muziki ulifunguliwa kwa nguvu za kupasua masikio, na mwenyewe alisimama pale, mikono kifuani, asiondoe macho. Jua lilikuwa limekwisha kufika upande wa Meru.

"Kushoto kidogo, Fredy," alisema Tabitha, akipaza sauti juu ya muziki. "Mti wa bwana Wilson unamwotea mkeo kichwani. Hapo hapo. Msitikisike."