Taa ya Njano

Ukitaka kumtibua Eliakimu, washa gari lake halafu anza kuagana na watu huku injini inaunguruma. Joanitha mkewe alishajifunza. Aliaga kwanza, akamaliza salamu zote za kupeleka kwa baba, mama na shangazi, ndipo akaingia na kufunga mlango, na hapo Eliakimu akawasha na kuondoka. Petroli, alikuwa akisema, haikuchimbwa ili kuwapashia moto watu wa mtaa wa Bangwe.

Hata hivyo tusimwonee. Mkono wa birika alikuwa nao, ndiyo, lakini ulikuwa na sababu. Alikuja Kigoma kutoka Same akiwa afisa uvuvi, na kile kigari cheupe alikinunua kwa mkopo binti yao Frida alipogundulika ana pumu. Injini ilikuwa ndogo, ya yale magari ambayo madalali husema yananusa tu mafuta. Kulinunua hakukumtisha. Kilichomtisha ni kuishi nalo: bima, oili, tairi, na bushi za miguu ya mbele ambazo mawe ya barabara ya mtaani kwake yalizitafuna kila baada ya miezi michache. Basi akajifunza kubana. Oili alibadilisha mwenyewe nyuma ya nyumba. Tairi za nyuma alizihamishia mbele na za mbele nyuma mpaka zote zikawa na upara wa kufanana. Na kwa kuwa bei mpya ya mafuta hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, Jumanne yake alikuwa akijaza tangi hadi shingoni. Gari likatimiza miaka saba mikononi mwake, na bado lilikuwa likiwaka mara moja tu ukigeuza ufunguo.

Kitu kimoja hakuweza kukibana, nacho ni majirani.

Mtaani kwao gari lilikuwa hilo moja, kwa hiyo lilikuwa la wote. Mara limpeleke bibi harusi kanisani, mara lifuate mahindi Mwandiga, mara limpokee mgeni wa mtu stesheni. Waliojua kuendesha waliazima ufunguo. Hawakuwa watu wabaya. Eliakimu alipofiwa na baba yake, ndio hao hao waliomchangia nauli ya kwenda kuzika. Lakini gari lilirudi likinuka samaki wa mgebuka, sindano ya mafuta imelala, na shukrani kemkem: Mungu akuzidishie, Baba Frida. Sasa jioni moja Frida akabanwa kifua. Eliakimu akambeba mbio hadi garini, akaondoka naye, na gari likamzimikia kabla hata hawajafika mtaa wa Mwanga, njiani kwenda hospitali, kwa kuwa shemeji wa mtu alikuwa amelizungusha mchana kutwa. Akamtia mtoto mgongoni, akakimbia, huku pumzi ya Frida ikipiga filimbi sikioni mwake. Mtoto alipona. Filimbi ile haikumtoka baba yake.

Wiki hiyo hiyo akaenda Mwandiga kwa fundi Oswald.

"Nataka geji ya mafuta isome sifuri siku zote," alimwambia. "Na taa ya njano iwake muda wote, hata tangi likiwa limejaa."

Oswald akamchunguza macho kama amelewa. "Mkubwa, watu wananiletea kitu kilichokufa nikifufue. Wewe unaniletea kizima nikiue?"

"Kiue."

Ilikuwa kazi ya waya mmoja chini ya kiti cha nyuma. Kuanzia siku hiyo sindano ililala chini kabisa, taa ya njano ikawaka, na Eliakimu akawa anajua kiasi cha mafuta kwa kuhesabu kilomita kichwani. Tangi lilikuwa la Frida. Jirani akija, hakukataliwa. Alipewa ufunguo mkononi: washa mwenyewe uone. Jirani akawasha, akaiona taa, akaomba radhi kwa usumbufu. Eliakimu aliongezea na la kitaalamu, kwamba ukilazimisha kuendesha gari lisilo na mafuta pampu inaungua, na kununua pampu nyingine si mchezo. Aliyekuja na mafuta yake kwenye dumu alipelekwa, na hao walikuwa wachache. Watu wakamhurumia. Wakaliita gari lile Ramadhani, kwa vile kila ukilikuta limefunga.

Joanitha hakuambiwa. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, asiyejua kusema hapana, na kifua cha kuweka siri hakuwa nacho. Angemwonea huruma mtu mmoja, na huyo mmoja angeutangazia mtaa mzima. Eliakimu alimfundisha kuendesha, akautundika ufunguo kwenye msumari wa sebuleni, akamkataza lile lile alilowakataza majirani: bila mafuta mapya, usiende nalo popote, litakuzimikia njiani.

"Mbona wewe unakwenda nalo na taa inawaka?"

"Mimi nimelizoea. Najua limebakiza vijiko vingapi."

"Na likitokea la Frida?"

"Si mimi nipo?"

Na kweli alikuwepo. Alikuwepo hata siku Bonifasi alipokuja kugonga. Bonifasi alikuwa mchuuzi wa dagaa wa Katonga, jirani wa ukuta kwa ukuta, na asubuhi hiyo mama yake, Bibi Regina, alikuwa ameteleza uani na kuvunjika nyonga. Eliakimu akampa ufunguo. Bonifasi akawasha, akaitazama taa, akazima, akaufunga mlango wa gari polepole kama vile ndani kuna mtu amelala. "Basi, Baba Frida. Samahani." Wakampakia bibi kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mwanawe nyuma amemshikilia, na kilio chake kikasikika mpaka barabarani. Eliakimu alikuwa amesimama dirishani, na tangi lilikuwa na zaidi ya nusu. Iliuma. Alijiambia kwamba tangi ni la Frida, akaenda kazini. Bibi Regina alipona akiwa amepinda, akawa mtu wa mkongojo, na bado kila asubuhi alimwita Frida ukutani: "Mwakeye, mwana wanje," yaani umeamkaje mwanangu kwa Kiha, na kumpa hindi la kuchoma.

Mambo yakaenda hivyo mpaka masika ya mwaka huu.

Jumanne moja Eliakimu alitoka Mwandiga na tangi limejaa mpaka kwenye mfuniko. Kesho yake alfajiri gari la ofisi likampitia ghafla: ukaguzi wa nyavu Kalya, mbali kusini mwa ziwa, kurudi Ijumaa. Likamjia akilini lile tangi walipokuwa tayari njiani. Akatoa simu. Lakini wenzake wawili walikuwa wamebanana naye kiti cha nyuma, na mmoja alikuwa mpenda maneno wa kutupwa. Angeanzaje kusema mbele yao, mke wangu, ile taa ni uongo wangu, mtaa mzima nimewadanganya na wewe ukiwemo? Nitampigia jioni, akajiambia, akairudisha simu mfukoni. Jioni walikuwa wamefika Kalya na mtandao haukupatikana.

Ijumaa, walipokaribia Uvinza wakirudi, simu yake ikaanza kulia mfululizo. Joanitha alikuwa amepiga jana yake, akapiga, akapiga tena. Kabla hajamaliza kuangalia, ikaingia simu ya Bonifasi.

"Baba Frida, uko wapi? Njoo nyumbani. Frida ametutoka."

Alifika magharibi. Turubai lilikuwa limeshafungwa, moto wa wanaume unawaka, masufuria yameazimwa. Alimkuta Joanitha sebuleni kwenye mkeka, macho yamekauka, na alipomwinamia hakulaumiwa kwa neno lolote. "Tulikutafuta sana," ndilo alilosema tu. Kisha wanaume wakamchukua, wakamketisha nje, chini ya dirisha.

Sasa desturi ya msiba unaijua. Kila anayeingia lazima asimuliwe, na mfiwa husimulia tangu mwanzo, kwa yule na yule mwingine. Dirisha lilikuwa wazi. Eliakimu alisikia kila kitu.

"Ilikuwa mchana, mvua ile kubwa," Joanitha alisimulia. "Kifua kikambana. Nikampa dawa yake ya kuvuta, haikusaidia. Bajaji hakuna, bodaboda hakuna, barabara imekuwa mto. Nikachukua ufunguo, nikamlaza kiti cha nyuma, nikawasha. Taa ya njano hiyo. Sindano iko chini kabisa. Baba yake alishanikanya, litakuzimikia njiani. Nikamshusha tena. Bonifasi akatoka na dumu kwenye mvua ile, anatafuta petroli kwa watu wanaouza kwenye chupa. Nikasubiri. Ikatokea bajaji kabla hajarudi. Tukaondoka, na pale tunaposhuka mjini akanikatikia mikononi."

Wanawake wakaangua kilio. Akaingia mgeni mwingine, na Joanitha akaanza upya, mvua ile kubwa, mpaka akafika tena pale: nikamshusha tena. Akaingia mwingine. Nikamshusha tena. Usiku ule Eliakimu alimwona mwanawe akishushwa garini mara zisizo na idadi, na kila mara tangi lilikuwa limejaa. Watu walimpa pole, wakamshika bega, wakasema laiti lingekuwa na mafuta, wakasema ni kazi ya Mungu. Alitaka kusema. Tuwe wakweli: alitaka zaidi kunyamaza, na kunyamaza ndiko alikofanya.

Jumamosi ilikuwa siku ya mazishi. Asubuhi ikaja simu kwamba mama yake Joanitha ameingia na basi kutoka Bukoba, yuko stendi. Bonifasi akasimama, akaenda kwake, akarudi na dumu la njano la lita tano.

"Nitamfuata mimi na gari lenu," alisema.

Eliakimu akaruka kitini. "Acha, Bonifasi. Tukodi bajaji. Mimi nitalipa."

"Kaa chini, Baba Frida. Leo wewe hufanyi chochote." Akaliinua dumu kidogo. "Haya niliyanunua kwa ajili ya Frida. Nilichelewa nayo. Acha basi yamlete bibi yake."

Eliakimu akalishika lile dumu kwa mikono miwili akalivuta. Wanaume wakadhani ni uchungu. Wakamwachanisha nalo kwa upole, kidole kimoja kimoja, wakamrudisha kitini, na mmoja akakaa ubavuni mwake kumshikilia.

Bonifasi akafungua mfuniko, akaweka faneli, akamimina. Yakashuka kidogo sana, halafu petroli ikapanda ikarudi juu, ikamwagika kwenye ubavu mweupe wa gari mpaka chini. Akasita. Akadhani faneli imeziba, akaichomoa, akaipuliza, akamimina tena. Ikamwagika tena. Harufu ikatanda uani pote, na maongezi yakakatika, kwanza ya wanaume, kisha ya wanawake waliokuwa wakimenya ndizi. Bonifasi akaweka dumu chini. Akalitikisa gari kwa mkono, akainamisha sikio.

"Limejaa," alisema, kama anajisemea mwenyewe.

Akageuka, akamtazama mama yake aliyekuwa ameketi kwenye kigoda na mkongojo wake mapajani. Hakumtazama Eliakimu kabisa. Akachukua koleo, akaanza kufukia kwa mchanga pale palipolowa.

Joanitha alikuwa amesimama mlangoni. "Nini kimejaa?"

"Tangi, Mama Frida," Bonifasi akajibu bila kuinua kichwa. "Limejaa mpaka juu."

"Taa si inawaka?"

Akashuka ngazi, akaja mpaka alipokuwa mumewe. Yule aliyekuwa akimshikilia Eliakimu akamwachia, akasogea pembeni.

"Ulijaza lini?"

Njia ya kudanganya ilikuwepo, na miaka yote ile alikuwa ameizoea. Ikamshinda. "Jumanne," akasema.

Frida alifariki Alhamisi. Hesabu hiyo kila mtu pale uani aliiweza.

Joanitha aliingia ndani, akautoa ufunguo msumarini, akarudi, akafungua mlango wa gari na kuketi kwenye usukani. Akageuza ufunguo. Gari likawaka mara moja. Taa ya njano ikawaka nayo, na sindano ikabaki imelala chini. Aliitazama, akageuka, akatazama kiti cha nyuma, akaitazama tena ile taa.

Bibi Regina akajikongoja mpaka mlangoni pa gari, akamwekea mkono begani. "Zima, mwana wanje. Zima, mama yako anasubiri."

"Mfuateni kwa bajaji," Joanitha akasema. "Hili liacheni liungurume."

Wakamwacha. Bonifasi akaenda barabarani kutafuta bajaji. Wanawake wakarudia ndizi zao, na moshi mdogo wa gari ukawa unatambaa ukutani kuelekea kwenye turubai. Eliakimu alibaki kitini mwake, hakuna tena aliyemshika bega. Na kichwa chake, kwa mazoea ya miaka saba, kikaanza chenyewe kupiga hesabu: gari hili, kwa unusaji wake, likiachwa limesimama hivi linaunguruma, tangi lile litafika mpaka keshokutwa. Alijitahidi kuacha kuhesabu, akashindwa.