Mbavu za Imbuia

Mume wangu Adélio alipofariki aliniachia ng'ombe kumi na wanne, chumba cha kutengenezea jibini, na jike mmoja mzee wa fila. Fila ni mbwa wakubwa wa kulinda mifugo, na ukoo wa Adélio umewafuga katika milima hii ya Canastra tangu enzi za babu yake. Jike yule alizaa kwa mara ya mwisho mwezi wa Februari, watoto wawili tu. Walipoanza kula wenyewe, akafa. Dume alichukuliwa na shemeji yangu Valdivino, akamwita Brasão. Jike nilibaki naye mimi, nikamwita Imbuia, kwa kuwa rangi yake ni ya kahawia kama mbao za mti wa imbuia. Zaidi ya hao wawili, damu ya mbwa wa Adélio ilikuwa imekwisha.

Kwetu hakuna anayeuliza mbwa ale nini. Anakula angu, yaani ugali laini wa mahindi, uliolowekwa katika maji yanayobaki tukishakamua jibini. Mtoto wa fila huongezewa maziwa ya asubuhi, na vijiko vya ule unga wa mifupa tunaochanganya kwenye chumvi ya ng'ombe. Unga ule humfaa ndama, basi tukaamini na mbwa ni vivyo hivyo. Mwezi wa Agosti, siku ya Mtakatifu Roko, mbwa wote hubarikiwa mbele ya kanisa letu dogo la kilimani, lakini kwanza watoto wa mwaka ule hupimwa kule chini kwenye mizani ya nguruwe. Mzito kuliko wote huvishwa utepe mwekundu na kutangulia maandamano ya kupanda kanisani. Adélio alirudi na utepe ule nyumbani mara tisa.

Mimi niliutaka wa kumi. Imbuia nilimlisha mpaka akawa mviringo kama gogo, na kila aliyepita nilimwita aje amtazame.

Mwanzoni mwa Juni niliona miguu yake ya mbele imepinda. Vifundo vilikuwa vimevimba, nyayo zimegeukia nje, na kila alipotaka kuinuka aliguna kama bibi kizee. Nilipiga magoti palepale kwenye sakafu ya zizi. Nilimwomba Mungu nisiwe mimi wa kuimaliza kazi ya mume wangu. Nilipoinuka nikafanya lile ambalo jirani yangu yeyote angelifanya: nikamwongezea kijiko kingine cha unga wa mifupa. Mfupa umepinda, nikasema, basi una njaa. Baada ya wiki moja hakuweza kupanda ngazi mbili za jikoni.

Daktari wa mifugo, Noêmia, alikuja kumwona ng'ombe wangu aliyevimba kiwele, nami nikamwonyesha Imbuia. Alimpapasa miguu, akauliza anakula nini. Nilimweleza yote, tena kwa majivuno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dona Iraci," akasema, "hujamnyima kitu. Umemzidishia."

Alinieleza kwamba mbwa wa aina kubwa anapaswa kukua polepole kuliko wa aina ndogo. Akinenepa haraka, mwili unakuwa mzito kabla mifupa haijakomaa. Kalsiamu ikizidi, mifupa yenyewe hukua vibaya, na mtoto wa mbwa hana uwezo wa kuikataa ile ya ziada. Alichukua mkono wangu, akaupitisha ubavuni mwa Imbuia. Sikuhisi mbavu hata moja. Akasema nimlishe kwa kipimo mpaka nizihisi bila kukandamiza, nikifika hapo nitakuwa nimefika; niache maziwa na unga wa mifupa, nitafute chakula cha watoto wa mbwa wa aina kubwa, kalsiamu isizidi asilimia moja na nusu. Nilimuuliza kama miguu itanyooka. Hakuniahidi. Alisema bado ni mdogo, tusubiri wiki chache.

Dukani mjini, mifuko ya chakula cha mbwa ilikuwa imepangwa mpaka darini, kila mmoja na picha ya mbwa anayeruka. Mwenye duka alinipa ule wenye mtoto wa mbwa mzuri kupita wote, akasema huo ndio watu wanaoununua. Nilimshukuru nikaurudisha. Nilianza kujifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na tatu, katika darasa la jioni la parokia, na bado nasoma kwa kidole. Niligeuza kila mfuko nyuma, kwenye maandishi madogo. Ule wa picha nzuri ulikuwa wa mbwa wa kila aina, na kalsiamu yake asilimia mbili na nusu. Nilitafuta karibu saa nzima, wateja wakinizunguka, hadi nikaupata ulioandikwa kuwa ni wa watoto wa mbwa wa aina kubwa: nyama imetajwa kwanza, kalsiamu asilimia moja na kidogo. Nikasoma tena, isije ikawa macho yangu. Mwalimu Lucimar wa darasa lile la jioni alinishikilia kwenye hesabu za asilimia mpaka nikalia. Nilimwombea baraka nikiwa nimesimama pale kati ya mifuko.

Imbuia akawa anakula mara tatu kwa siku, kikombe kwa kipimo. Maziwa hakuna, unga wa mifupa hakuna. Alinitazama kama niliyemwibia. Lakini watu walikuwa wagumu kuliko yeye. Valdivino alisimamisha farasi wake langoni akacheka.

"Shemeji, huyu atafunga Kwaresima mpaka lini? Pasaka imepita."

Siku ya Mtakatifu Roko nilitamani kubaki nyumbani. Nilisali, nikaenda. Brasão alipima kilo arobaini na moja, watu wakapiga makofi. Imbuia alipima ishirini na nane, wa mwisho kati ya watano. Mmoja akaniuliza nusu nyingine nimeiacha wapi.

Maandamano yakaanza, Brasão mbele na utepe wake. Njia ya kwenda kanisani ni ya mawe na inapanda. Hakufika mbali, akaketi. Valdivino akavuta kamba, akavuta tena, halafu akaiacha ilegee. Imbuia akampita kaka yake kwa mwendo wa fila halisi, miguu ya upande mmoja ikienda pamoja kama ngamia, imenyooka yote minne. Akapanda mpaka mlangoni mwa kanisa bila kusimama. Daktari Noêmia, aliyekuwa kati ya watu, alimpapasa vifundo mbele ya wote akasema hakuna kasoro. Sikumbuki kama nimewahi kusimama wima kama siku ile.

Nilirudi chini. Valdivino alikuwa amechuchumaa, ameshika mguu wa Brasão uliovimba.

"Ulimpa nini wako?" akaniuliza.

Ningeweza kumrudishia mzaha wake wa Kwaresima. "Kwanza nilimpa hayo hayo unayompa wewe," nikasema. "Nikamharibu. Acha unga wa mifupa leo hii. Mengine yameandikwa nyuma ya mfuko."

"Nani alikusomea?"

"Mimi."

Valdivino ndiye aliyenisomea kila barua iliyoingia nyumbani kwangu tangu nilipoolewa. Alimfungua Brasão ule utepe shingoni ili apumue vizuri, akambeba mikononi, kilo zote arobaini na moja.

"Kesho twende wote dukani," akasema. "Wewe ndiye utakayechagua."